Kompyuta Haina Kosa

Wahisani wakisikia kwamba teknolojia inatusumbua Bukavu, wanatuletea kompyuta. Tunazipokea kwa mikono miwili, tunapiga nazo picha, na mambo yanabaki vilevile, maana kompyuta ndiyo yenye afya kuliko vyote vinavyoizunguka.

Chukua siku niliyomsindikiza mpwa wangu hadi mtaa wa Nyawera kutuma fomu ya masomo ya ng'ambo. Mwisho ulikuwa saa sita usiku. Mashine ya sekretariati, yaani duka la kuchapa na kutuma nyaraka, ilitoka Dubai na kibodi ya Kiingereza, ila ndani ilipangwa Kifaransa, kama Wabelgiji walivyotuzoesha. Ukibonyeza A unapata Q. Ukitaka M unapewa mkato. Mwenye duka alikuwa amebandika vikaratasi juu ya vitufe, vikabanduka kwa jasho la vidole, kikabaki cha W peke yake, herufi ambayo siku hiyo hatukuwa na shida nayo. Nenosiri la kijana lilianza na amani. Mashine ikasoma q,qni. Skrini, kwa adabu zake, ilionyesha vidoti tu. Akarudia kwa kugonga vitufe kwa nguvu zaidi, kama anayemsemesha kiziwi. Akaunti ikafungwa.

Ili ifunguliwe, namba za siri zilitumwa kwa simu. Simu ilikuwa Rwanda. Nasema hiyohiyo tuliyoishika mkononi: minara ya jirani iko ng'ambo tu ya maji, na simu zetu huvuka bila jetoni, kile kibali cha kuvukia, wala foleni ya mpakani Ruzizi ya kwanza, hali wenyewe tunasimamishwa na kuulizwa tunakwenda kwa nani. Dawa yake tunaijua. Unaipa Rwanda mgongo, unajibanza nyuma ya ukuta mnene, unainua mkono kuelekea mtaa wa Kadutu. Mama muuza ndizi alitutazama kwa huruma.

"Papa, munasali?"

Namba zikaingia, muda wake umeshapita. Tukaomba nyingine. Zilipofika, kuran, yaani umeme, ikaenda.

Na kuran ya Bukavu ina ukoo wake. Bwawa la Ruzizi I ni la miaka ya 1950, karibu na pale mto unapotoka ziwani. Ruzizi II, la mwaka 1989, tunagawana na Rwanda na Burundi. Sasa mji wetu umejengwa kwenye miteremko: mvua ikinyesha, kila chupa ya plastiki iliyotupwa huko juu inashuka kwa mifereji hadi Ziwa Kivu, na ziwa, lisilo na mlango mwingine wa kutokea, linaisukuma polepole hadi bwawani. Huko kuna watu kazi yao ni kuopoa taka zisizibe mitambo, wengine wakizamia kuzifuata chini ya maji. Anayekunywa soda Kadutu leo na kutupa chupa anaweza kuzima kompyuta ya mtaa wa Muhumba kesho, na wala hajui kutumia kompyuta. Sisemi chupa ndizo zilizotuzimia jioni ile. Kuran yetu ina sababu nyingi na haina desturi ya kujieleza.

Jenereta iliwaka baada ya wateja kuchangia mafuta. Papo hapo wakatokea watu wa kuchaji simu, ambao wakati wa mchango sikuwaona, nyaya zikatanda mpaka chini ya viti. Akaunti ikafunguka. Fomu ikapanda mstari kwa mstari hadi ikagoma: ilitaka msimbo wa posta, na bila huo haiendi mbele. Mpwa wangu akanitazama mimi mtu mzima. Nikajaribu kueleza kwamba kwetu barua inaletwa na mtu anayekuja upande huo, na huyo huuliza njia. Fomu haikuwa na nafasi ya maelezo. Kijana wa sekretariati akanyoosha mkono kati yetu bila hata kuuliza, akabonyeza sifuri tano, akaendelea kuhesabu chenji yake.

Ikakubali. Basi wakinitafuta kutoka Ulaya, naishi 00000, njia ya kupanda Kadutu, mkono wa kushoto baada ya wauza makaa.