Namna ya Kulea Shimo la Barabarani

Hongera kwa kuapishwa, Mheshimiwa. Mahema hayajakunjwa, viti vya plastiki bado vimepangwa uwanjani, na tayari kuna mzee amekushika mkono kukuuliza habari ya barabara ya sokoni. Usibabaike. Gavana mgeni hudhani kazi yake ni kuondoa mashimo. Mwenyeji anajua kwamba barabara ikishakuwa nzima watu hupita tu, wakaisahau pamoja na aliyeitengeneza. Shimo ndilo linalotajwa. Shimo lina kamati, lina ziara za ukaguzi, lina mikutano ya hadhara, na likifika umri wa kutosha lina zabuni. Kinachotakiwa ni malezi.

Malezi huanza wakati shimo bado ni ufa. Huo ndio umri wa hatari, kwani vibarua wawili wenye ufagio na ndoo ya lami ya moto wanaweza kuliua asubuhi moja. Kazi ya lami, ukiacha kupendeza machoni, ni kuzuia maji yasifikie kokoto na udongo ulioshindiliwa chini yake. Maji yakipenya, tabaka la chini hulainika. Lori likipita, hubonyea. Lami ikikosa kitu cha kuegemea huvunjika, na magurudumu huvitawanya vipande. Msimu mmoja wa masika unatosha. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walidhani wanatuonya, lakini hawakuwahi kukaa kwenye kamati ya zabuni. Ufa hauna mkandarasi wala mhandisi mshauri. Ukuta unao wote wawili, na juu yake bango lenye picha yako.

Baada ya ufa, angalia mtaro. Usizibuliwe. Muuza mitumba akipanga meza juu yake, mkatie risiti ya siku na umtakie biashara njema. Mwenye kibanda cha kuosha magari akiujaza matope, naye ana leseni. Kalvati likishajaa mchanga na chupa za plastiki, maji yatajitafutia njia, na njia iliyo wazi kuliko zote ni barabara yenyewe.

Shimo linahitaji pia uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, wakazungusha malori juu yake mfululizo kwa takriban miaka miwili, wakaona kwamba uharibifu hupanda kwa karibu kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikibebeshwa maradufu haiumizi barabara mara mbili, inaiumiza kama mara 16. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa kabisa, na ndiyo maana kuna mizani Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Hayo lakini ni mambo ya barabara kuu. Wewe una malori ya mchanga na ya mawe, yanayojua kila kichochoro kisicho na mizani. Yatoze ushuru wa kaunti kwa kila safari, kisha yaache yapite. Utakuwa serikali ya kwanza kulipwa ili barabara yake ibomolewe, na mapato hayo yataonekana vizuri kwenye bajeti.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni nani baba wa shimo. Lenye baba mmoja hufa changa, kwa sababu watu wanajua pa kupeleka lawama. Lenye baba wanne huishi kupita waheshimiwa watatu. Bahati yako ni kwamba nchi imekwisha kukufanyia kazi hiyo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilizaa mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za vijijini. Za ndani ya mbuga zikabaki na KWS, shirika la wanyamapori. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo katika Jedwali la Nne iliipa serikali ya kitaifa barabara kuu za kitaifa, na kaunti ikazipa barabara za kaunti. Ni ipi hasa ya nani, Katiba haikuingia huko. Kaunti 47 zilipoanza kazi 2013, KURA na KeRRA hazikufungasha virago. Januari 2016 ilichapishwa orodha mpya katika gazeti rasmi la serikali: zaidi ya kilomita 160,000, kama robo yake za kitaifa, zilizobaki zako na wenzako. Robo tatu ya barabara, Mheshimiwa. Kama robo tatu ya fedha ilifuata nyuma, hilo ni swali la watu wasiojua siasa.

Tumia utajiri huo wa mababa. Tuseme kuna shimo mbele ya kituo cha boda boda, pale lami inapoingia mjini. Mwananchi atakuandikia barua. Mjibu kwa karatasi yenye nembo, na utie sahihi kwa mkono wako, kwa kuwa watu hupenda: “Barabara uliyoitaja haimo katika daftari la kaunti. Tafadhali wasiliana na mamlaka husika.” Mamlaka hiyo usiitaje jina. Ataitafuta mwenyewe, na akiipata ataambiwa kwamba sehemu yao inaishia kwenye kalvati, na shimo liko hatua kumi mbele ya kalvati. Akirudi kwako, mpeleke kwa mbunge. Mbunge atampeleka kwa mwakilishi wadi, naye atamwalika kwenye kikao cha maoni ya umma, ambako ataombwa ajaze fomu.

Umma ukizidi kelele, tuma mhandisi na mkebe wa rangi. Ashuke garini akiwa na fulana ya kung'aa, apulizie duara jeupe kuzunguka shimo, apige picha, aondoke. Duara ni ushahidi kwamba serikali imeliona. Likifutika, atakuja mwingine wa mamlaka nyingine na rangi ya manjano. Nimewahi kuona shimo lenye pete mbili, nyeupe ndani, ya manjano nje, na dereva wa matatu akilikwepa kwa adabu kama anayepita karibu na kaburi.

Swali la fedha litakuja, na hapa nakushauri usidanganye. Fedha zipo, na kila mtu anazilipa. Tangu 1993 kuna ushuru wa matengenezo ya barabara ndani ya bei ya petroli na dizeli. Mwaka 2016 ulifika Sh18 kwa lita, na Julai 2024 ukapandishwa hadi Sh25. Matatu ikijaza lita 40 imeacha Sh1,000 za barabara pale pale kwenye pampu. Boda boda iliyotiwa lita mbili imeacha hamsini. Mama anayepeleka sukumawiki sokoni hana gari, lakini ushuru umo ndani ya nauli yake na ndani ya bei ya kila kitu kilichobebwa na lori hadi dukani kwake. Hakuna anayeponyoka. Tena ni kodi yenye haki kuliko nyingi: anayetumia barabara sana ndiye anayelipa sana. Wazo lilikuwa kwamba fedha hizo ziwe na kapu lao, zisiingie kwenye purukushani za hazina, na ndiyo maana Bodi ya Barabara iliundwa kwa sheria ya 1999 kuligawa. Wazo zuri sana. Ndilo linalofanya ugomvi wa kapu uwe mtamu.

Maana kapu likiwa na mpini mmoja, anayelishika anajulikana. Hili lina mipini mingi. KeNHA ina fungu lake, KURA na KeRRA zina yao, na lipo fungu linalogawanywa sawa kwa sawa kwa maeneo bunge yote 290, ndiyo maana mbunge anaijua kila kilomita ya lami kuliko anavyoijua miswada. Kaunti ziliwahi kupata fungu kama ruzuku yenye masharti, kisha wabunge wakaona kwamba linafaa zaidi kubaki kwa mamlaka za kitaifa. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 ugomvi ukawa juu ya Sh10.5 bilioni. Magavana walisema fedha zifuate kazi. Wabunge walisema nao wana barabara za kutengeneza mashinani. Seneti ikavuta upande wake, Bunge la Taifa upande wake, na wengine wakavutia mahakamani. Mvua haikuahirishwa kusubiri hukumu. Kwa shimo, miezi kama hiyo ni miezi ya maziwa na asali: kila upande una wakili, na hakuna upande wenye rola.

Na kama kapu lingeonekana limejaa mno, mwaka 2025 serikali ya kitaifa iliweka Sh7 katika kila Sh25 kuwa dhamana ya kukopea, ili wakandarasi walipwe malimbikizo ya karibu Sh175 bilioni. Wakandarasi walikuwa wakidai haki yao, sina ugomvi nao. Ila ukitia mafuta leo, ujue sehemu ya ushuru wako inalipia barabara iliyojengwa zamani, na pengine sasa ina ufa.

Kuna vijana utawakuta shimoni. Wana karai, jembe, udongo mwekundu waliouchimba kando ya barabara, na tawi la mwarobaini limesimamishwa katikati kuwaonya wenye magari. Dereva akipunguza mwendo, mmoja hunyoosha kofia. Usiwafukuze, wanakufanyia malezi bila mshahara: udongo huo ukikauka ni vumbi, mvua ikinyesha ni uji, na kesho kutwa shimo liko pale pale limeongezeka mdomo. Dereva aliyetoa Sh20 amelipa mara mbili kwa barabara moja, kwanza pampuni, sasa kofiani. Wa kofia angalau amemwona usoni.

Wananchi wakipanda mgomba shimoni na picha ikaenea mitandaoni, tuma greda siku hiyo hiyo. Mpiga picha atangulie.

Ipo siku utalazimika kuweka kiraka. Usiogope, kiraka kibaya hakidhuru shimo. Kiraka kizuri kina taratibu zake: shimo huchongwa pembe nne hadi kwenye lami nzima, maji na vumbi huondolewa, kuta hupakwa lami nyepesi ya kushikia, kisha mchanganyiko hujazwa kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa. Wewe ruka yote hayo. Panga kazi mwishoni mwa Juni, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa na kila senti isiyotumika ikitafutiwa haraka pa kuingia. Mimina wakati wa manyunyu, juu ya maji yaliyotuama, upigepige kwa mgongo wa koleo, na uyaachie malori yamalizie kushindilia. Kabla ya Krismasi shimo litakuwa limezaa la pili.

Uchaguzi huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo tingatinga zianze kunguruma mapema mwaka huo. Zindua barabara. Kuzindua si kujenga: kunahitaji utepe, mkasi, kwaya ya shule ya msingi na jiwe la msingi. Ukipata kilomita moja ya lami changa ilaze karibu na uwanja wa mikutano, ambako kamera zitafika bila kuchafua magurudumu.

Na kura zikikuangusha, usilihuzunikie shimo, litapata mlezi mwingine. Vaa gambuti, ita wanahabari, simama ndani yake maji yakikufika kwenye ugoko, umuulize gavana mpya fedha za barabara zimekwenda wapi. Atakujibu kwa upole kwamba barabara hiyo haimo katika daftari la kaunti, na kama ushahidi atawasomea barua yenye sahihi yako.