Shemeji na Farasi wa Ridhaa

Mwingereza ukimwona ofisini anapima maneno, chai anainywa kwa saa, akipiga chafya anaomba radhi kwa watu wote chumbani. Mpeleke malishoni siku ya mbio za farasi za ridhaa, ndipo utajua ule utulivu wote alikuwa ameuazima. Bibi wa miaka themanini, skafu kichwani, anamfokea farasi kwa sauti ya kondakta wa daladala.

Usizichanganye na mbio za Ascot, zile za kofia kubwa na familia ya kifalme. Hizi ni za wakulima, wanafunzi, madaktari wa mifugo na yeyote mwenye farasi na moyo mgumu. Mpandaji halipwi. Wanakimbia karibu kilomita 5 na kuruka viunzi 18 au zaidi, vya matawi makavu yaliyobanwa pamoja, urefu wake unakufika kifuani. Wenyewe wanaziita mbio za nukta kwa nukta. Asili ya mbio za namna hii inasimuliwa kuwa ni Ireland, mwaka 1752, waungwana wawili waliposhindana kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile wakiufuata mnara tu. Ukuta, mtaro au ua wa miiba uliokuwa katikati, hilo lilikuwa shauri la farasi. Siku hizi kuna uwanja, bendera na kiingilio, lakini akili ni ileile ya 1752.

Jirani yetu hapa Dorset, England, mzee mkulima mstaafu, ndiye aliyetualika Jumapili moja ya Februari. Kaka wa mke wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na huyo ni mtaalamu wa mikeka. Ukimwamsha saa nane za usiku anakutajia kipa wa akiba wa timu ya daraja la pili Uturuki. Mimi sibeti, dini imekataza na dada yake naye amekataza, na sijui ni yupi ninayemwogopa zaidi. Shemeji alisikia neno "mbio" na neno "odi", hakusubiri maelezo ya hali ya hewa. Alivaa raba nyeupe pee. Jirani alizitazama zile raba, akanitazama mimi, akanyamaza kwa adabu.

Mbio za kwanza tulizozikuta zilikuwa za farasi ambao hawajawahi kushinda hata mara moja.

"Sasa shem," shemeji akaninong'oneza, "kama wote ni wa kushindwa, mimi nimchague nani?"

Akamchagua mweusi mmoja aliyekuwa anang'aa. Akaenda kwa mwenye ubao, mzee aliyepanda juu ya kreti, mkoba wa ngozi shingoni, namba zikimetameta kwa taa nyuma yake, akamkabidhi pauni 10. Farasi wakaachiwa. Pembeni yao, ndani ya uwanja, ambulansi ikawasha moto na kuwafuata.

"Nani kaumia?"

"Bado," jirani akajibu.

Shemeji akasema hajawahi kuona mchezo ambao ambulansi inaanza pamoja na wachezaji. Kwenye kiunzi cha nne mpandaji wa yule mweusi akaenda kushoto, farasi akaenda kulia. Kijana akainuka, akajipangusa, akaanza kurudi kwa miguu. Farasi yeye akaendelea. Akaruka kiunzi baada ya kiunzi, mwepesi, bila mzigo, akawapita wenzake mmoja mmoja na kuvuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza. Shemeji alinikumbatia, akamkumbatia jirani, akamkumbatia na mke wa mtu tusiyemjua. Kisha akaenda kudai chake. Mwenye ubao akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba farasi asiyekuwa na mtu mgongoni hahesabiwi.

"Lakini kafika!"

"Amefika," yule mzee akakubali, akaendelea kumlipa mwingine.

Baadaye wakaletwa mbwa. Mbio hizi kwa kawaida huandaliwa na vyama vya uwindaji wa mbweha, ndiyo maana mbwa wao huonyeshwa kwa watazamaji. Kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa kumepigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya 2004, kwa hiyo rasmi hufuata harufu iliyowekwa njiani na binadamu. Siku ile binadamu huyo alikuwa mke wangu, na harufu ilikuwa ya sambusa za nyama alizozikaanga tangu alfajiri. Mkia wa kwanza ukaingia kwenye buti la gari, ukafuatwa na mingine nisiyoweza kuihesabu. Watoto wakapiga makofi. Msimamizi aliyevaa koti la kijani akapuliza pembe na kuomba msamaha, na sambusa ya mwisho ikaondoka huku anaomba.

Tukabaki na kikapu cha jirani. Shemeji akafunua, uso ukamng'aa: egichopu! Duara, kubwa, rangi ya dhahabu, yai katikati, vilevile kama za kwao Ngamiani. Alikuwa ameshaipeleka mdomoni nilipomwambia nyama iliyozunguka yai ni ya nguruwe. Akairudisha taratibu, akaitazama kwa huzuni ambayo sikuiona hata kwa yule farasi mweusi.

Njaa ikampeleka kwenye kusoma. Alichukua kijitabu cha ratiba akagundua kwamba mbele ya jina la kila farasi kuna rekodi ya mbio zake zilizopita, kwa namba na herufi. Wengine walikuwa na F. "Hao wamefeli," akasema, na kwa kweli hakuwa mbali, maana F ni aliyeanguka. Mmoja alikuwa na P tatu mfululizo. Shemeji akahitimisha kwamba huyo kafaulu mitihani yote mitatu. Kabla sijamuuliza jirani, pauni 20 zilikuwa zimeshaingia mkobani, 33 kwa 1. P ni farasi aliyesimamishwa na mpandaji wake kabla ya kumaliza. Akasimamishwa mara ya nne, mbele yetu kabisa, akaanza kula majani.

Mkeka wa pili ukawa umechanika. Jirani, ili kumfariji, akamsimulia habari za Victoria Pendleton, bingwa wa Olimpiki wa baiskeli, aliyejifunza kupanda farasi ukubwani na Machi 2016 akamaliza wa tano kwenye mbio za ridhaa za Foxhunter huko Cheltenham. Akaongeza kwamba farasi mara nyingi hubeba kilo 76 hivi, na mpandaji mwembamba huongezewa vipande vya risasi chini ya tandiko vifidie. Shemeji akashika kitambi chake. "Mimi wangenipunguza," akasema.

Mvua ilishuka wakati wa kuondoka, na malisho yote yakawa tope. Gari letu lilizama mpaka kwenye ekseli. Shemeji akashuka kusukuma. Mguu mmoja ulitoka na raba, mwingine ukatoka na soksi. Mkulima mmoja akaja na trekta, akatuvuta bila hata kutuuliza majina, akakataa pesa. Alikuwa pia na farasi kwenye mbio za mwisho, akashinda, na kwa maelezo yake zawadi ya ushindi haimlishi yule farasi hata miezi miwili. Alisema hivyo huku anacheka, maji yakimchuruzika puani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukialikwa, nenda. Msimu huanza Novemba na kuishia Juni. Vaa gambuti, chukua chupa ya chai, ficha sambusa ndani ya gari na ufunge buti, na ukiona herufi P mbele ya jina la farasi, mwachie mwenyewe.