Kigari cha Mtoto Hakipandi Irente

Hannover, Ujerumani

Dada na Shemeji, na wewe Mama, maana najua barua hii utasomewa wewe kwanza.

Orodha ya vitu vya mtoto mnayetaka kumwasili imefika, na masahihisho ya Mama pembeni. Nimefurahi kusikia afisa ustawi wa jamii ameshakuja, kahesabu vyumba, kachungulia choo, kamuuliza Shemeji kama anakunywa. Msinune. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina mchezo: mtoto mnapewa kwanza kwa malezi ya kambo, mnatazamwa, ndipo Mahakama Kuu iseme kama mmemwasili. Mama anaandika kwamba yeye alizaa saba na hakuna aliyekuja kumchungulia. Mama, tumshukuru Mungu kwa hilo. Angetukuta tulivyolala kitanda kimoja, sote saba tungeishia kituo cha kulelea watoto.

Orodha ilinifikia Jumamosi usiku, kwa hiyo ikalala mpaka Jumatatu. Jumapili, siku ambayo Lushoto gulio limefurika kabichi na matunda damu, huku Hannover maduka yamefungwa kwa sheria. Unaweza kufa na pesa mfukoni.

Jumatatu nikaingia mjini. Wenyeji wa hapa wakitaka kukutana huambiana "chini ya mkia". Mbele ya stesheni kuna sanamu ya Mfalme Ernst August juu ya farasi, na watu wazima wenye makoti ya heshima husimama nyuma ya farasi huyo wakisubiriana, wala hakuna anayecheka. Halafu kuna mstari mwekundu uliochorwa chini, kilomita 4.2, unaomshika mgeni mkono na kumpitisha kwenye vivutio 36. Duka la vigari vya watoto si kimojawapo. Nilijitafutia mwenyewe, mtaa wa Georgstraße ukiwa umejaa watu wasiosalimiana.

Shemeji, kigari ulichokitaka nimekiona. Kina springi, breki ya mkono na mahali pa kuwekea kikombe cha kahawa. Kwa bei yake, Mombo unapata bodaboda iliyotumika, na helmeti juu. Dukani wametengeneza kilima cha mbao, kimo cha goti, ili mteja ajaribu kupanda. Muuzaji, kijana mpole, akaniuliza kitatumika katika mazingira gani. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya njia ya kwetu kule Irente, milimani Lushoto, ile ya masika, Mjomba akiwa ameshikilia mgomba asiteleze. Aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza kina mama wa huko wanafanyaje. Nikamwambia wanabeba mgongoni, kwa kanga.

Akachangamka! Akanipandisha ghorofani. Huko, ndugu zangu, wanauza kitambaa cha kumbebea mtoto, kirefu kupita mita nne, ndani ya boksi, na kijitabu chenye picha za hatua kwa hatua. Na yupo mtaalamu wa kulipwa anayewafundisha wazazi kukifunga, wakijaribia kwanza kwa mwanasesere. Mama, pasipoti yako ikitoka tu, kazi ipo.

Nguo nilizisubiri hadi Jumamosi, kwenye mnada wa vitu vya zamani kando ya mto Leine. Ng'ambo ya mto wamesimama wanawake watatu wakubwa wa rangi rangi, kazi ya msanii Niki de Saint Phalle. Walipowekwa mwaka 1974 wakazi walikasirika. Leo wanapigwa picha kuliko maharusi. Nikapata sweta nene, la baridi ya Julai kule Magamba hasa. Bibi mwenye meza akataja euro nne. Nikasema mbili. Akasema nne. Nikafanya kama tunavyofanya sokoni Soni, nikaanza kuondoka taratibu nikisubiri kuitwa. Bibi akanitakia siku njema. Ikabidi nirudi mwenyewe, nikalipa tatu na nusu kwa huruma yake. Alipojua ni la mpwa wangu ambaye hata sura sijaiona, akatupia na kofia bure. Ila mjue, sweta hilo pengine lingefika Lushoto lenyewe ndani ya robota la mitumba. Mimi nimelilipia tu nauli.

Wakati wa kurudi nikapita kwa muuza maua, na pale nikakwama. Kwenye rafu, vyungu vya plastiki vimepangwa, maua ya zambarau, majani yenye manyoya, na kibandiko: Usambara. Ni lile ua letu la kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua kwetu akampelekea baba yake. Baba akampa Hermann Wendland, mtunza bustani za Herrenhausen, hapa hapa Hannover, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wa hao waliolichukua. Siku hizi mgeni akitaka kuasili mtoto Tanzania sheria inamtaka awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Kwa ua hakuna aliyeulizwa.

Nikalichukua moja. Muuzaji akanihoji: dirisha lako linatazama wapi? Una joto la kutosha? Usilimwagie maji majani, mimina kwenye kisahani, tena yawe vuguvugu. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Lushoto, nimekua nalo. Akanirudia maelekezo upya, polepole zaidi. Sasa liko chumbani kwangu kwa malezi ya kambo, na naogopa atakuja kukagua.

Mzigo anakuja nao mwenzetu anayerudi Tanga mwezi ujao: sweta, kofia, soksi, na chupa za maziwa alizozikataa Mama nikazinunua hata hivyo. Kigari hakimo. Badala yake nimeweka kile kijitabu cha picha, nilichopewa bure. Shemeji, hicho ni chako. Chukua kanga ya Dada uanze mazoezi, afisa akija tena akukute umefika angalau picha ya nne.