Kipunji Kakubaliwa kwa Picha, Mimi Nimeambiwa Nirudi

Ninamwonea wivu tumbili, na sioni haya kusema.

Namsema kipunji, wa misitu yetu ya mlima Rungwe na Livingstone: manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, nywele za utosini zimesimama kama za kijana aliyekurupuka usingizini. Wawindaji wa Kinyakyusa wamemtaja miaka nenda rudi. Watafiti waliposikia jina hilo wakahisi huenda ni mnyama wa hadithi tu, maana wazee wa huku wakianza kusimulia, cha porini na cha kichwani hutembea pamoja. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta Ndundulu, kule Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science.

Nilipompasha mjomba habari, akaacha kumenya ndizi.

"Kagunduliwa? Si ndiye huyohuyo anayetumalizia mahindi?"

Lakini kinachoniuma ni ushahidi wenyewe. Kipunji alikubaliwa kwa picha! Hakukuwa na mwili wala ngozi. Wataalamu wengine walinung'unika, ila jina likapita. Mimi nimepeleka picha yangu ya kitambulisho kwenye ofisi moja, siitaji, nikaambiwa nyuma si bluu, halafu sikio la kushoto halionekani. Tukuyu hii, na mvua hii, nani anatembea bila kofia? Kipunji kapigwa picha juu ya mti, majani yamejaa nyuma, na hakuna aliyemwambia arudi kesho.

Mwili ulikuja baadaye. Dume mmoja, hata hajakomaa, alinasa kwenye mtego wa mkulima shambani, hapa hapa Rungwe, akaishia Field Museum ya Chicago. Wakapima vinasaba na kukuta yuko karibu na nyani kuliko na mangabe, tumbili aliowekwa nao kundi moja mwanzoni. Basi mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya tumbili barani Afrika tangu 1923. Wilaya nzima imeingia kwenye jina la mwizi wa mahindi. Habari za fidia ya mkulima sijazisikia.

Kisha wakafanyiwa sensa, yakatoka makadirio ya vipunji 1,117. Sikiliza hiyo saba ya mwisho! Mtaani kwetu ukiuliza kaya ziko ngapi utajibiwa "nyingi tu".

Juzi nimerudi ofisini na picha ya bluu, masikio yote mawili nje, baridi imenichapa. Karani akaniuliza kama kuna anayenifahamu tangu nizaliwe. Nikamtaja mjomba. Akasema maneno ya wazee peke yake hayatoshi.

Nikamuuliza kama anataka niende nikanase kwenye mtego.