PDF Mia Nne na Jalada Moja

Siku hizi mwanafunzi wa sayansi ya udongo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) habebi kitabu. Ana PDF mia nne kwenye simu, na karibu zote kaishia jalada. Jedwali la rutuba lina safu kumi na mbili, kioo kinaonyesha tatu. Anasukuma kwa kidole huku na kule, akifika kwenye fosforasi keshasahau ulikuwa udongo wa wapi. Kutafuta neno moja, hapo simu haina mpinzani, tusiidhulumu. Ila wiki ya mtihani utamkuta kwenye foleni ya steshenari, akiichapisha PDF hiyohiyo, kurasa nne zimebanwa upande mmoja ili kuokoa hela. Sasa anatafuta lenzi ya kukuzia.

Mwenzake wa karatasi anamcheka, huku akilipandisha buku lake Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kwa mazoezi ya shambani, mvua ikilisoma kabla yake. Haya, bishaneni tu. Kwenye milima hiyohiyo, mwaka 1955, Waluguru walipoyakataa matuta ya ngazi ya mkoloni, mabwana shamba walikuwa na vitabu vya karatasi tu, na hakuna aliyeishiwa chaji.