Harufu Iliyohamia Siti ya Nyuma

Gari likigoma kuwaka, hata watu wasiokujua watakuja kukusaidia kusukuma. Gari likinuka petroli, ndugu zako wa damu watakumbuka ghafla kwamba daladala nazo ni usafiri. Nimeyaona haya kwa Corolla yangu ya mwaka 1997, gari lililoshuka bandarini kutoka Japani likiwa tayari mtu mzima, kisha likapita mikononi mwa wamiliki ambao kila mmoja aliniachia urithi. Mmoja aliacha redio isiyozimika. Mwingine aliacha stika ya timu nisiyoishabikia, na haibanduki. Mwingine tena, Mungu ndiye anayemjua, aliacha harufu.

Haikuwa harufu ya mafuta yanayomwagika. Ulale chini ya gari na tochi utakavyo, huoni tone. Tangi kavu, mabomba makavu, sakafu kavu. Lakini fungua mlango asubuhi, unapokelewa na petroli tupu. Na kwa bei ya petroli ilivyo, kila pumzi niliyovuta mle ndani niliihesabu kuwa hasara.

Wa kwanza kulalamika alikuwa jirani yangu anayekaanga vitumbua uani.

"Jirani, nisamehe kwa nitakalosema," aliniambia. "Mteja amenirudishia vitumbua. Anasema vina ladha ya gari."

Nilicheka. Kisha nikaangalia jiko lake la mkaa lilipo na gari langu lilipo, kicheko kikakata chenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unafuata mteremko, unatafuta pa kutulia. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar es Salaam mwezi wa pili. Hewa ikiwa na mvuke huo kiasi cha asilimia 1.4 tu, inatosha kulipuka ikikutana na cheche. Jiko la jirani lilikuwa limekaa chini, palepale ambapo mvuke hupenda kupita. Siku hiyohiyo gari likahamia barabarani, chini ya mwarobaini, na mimi nikawa mteja wa kudumu wa vitumbua, kwa hiari ya kulazimishwa.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Hiyo nozeli, bosi," alisema, huku akijifuta mikono. Nimekuja kugundua kwamba katika gereji nyingi ugonjwa wa gari hutajwa kufuatana na spea zilizopo dukani kwa rafiki wa fundi. Nozeli zikasafishwa. Gari likaendelea kunuka, ila sasa lilinuka likiwa na nozeli safi.

Fundi wa pili alikuwa msomi. Alikuja na mashine yake kwenye mkoba, akaichomeka chini ya dashibodi, akaitazama kwa muda mrefu huku amekunja uso. "Kompyuta inasema gari halina tatizo," akatamka, akanidai pesa kwa habari hiyo njema.

Tuwe wakweli, kompyuta haikudanganya. Haikuwa inajua. Sheria za Marekani, kuanzia magari ya mwaka 1996, ziliilazimisha kompyuta ya gari ijichunguze yenyewe, na baadaye ikawa inaweza kugundua tundu la milimita moja katika mfumo wa mvuke wa petroli, kisha hata la nusu milimita. Ikilipata, inawasha taa ya injini na kuhifadhi namba ya kosa: P0442 kwa uvujaji mdogo, P0455 kwa ule mkubwa. Corolla yangu ilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wa miaka ile, na kipimo hicho haina. Kompyuta yake haijui hata kama tangi lina mfuniko.

Hata ingekuwa nacho, sidhani kingetusaidia hapa mjini. Kwa kawaida kipimo hicho hakifanyiki mpaka tangi liwe na mafuta kati ya asilimia 15 na 85. Sisi tunaoweka ya elfu kumi, ambao taa ya mafuta ni pambo la kudumu la dashibodi, kompyuta ya Kimarekani ingestaafu kwenye magari yetu bila kufanya kipimo hata kimoja.

Fundi wa tatu, mzee mtaratibu, angalau alifungua boneti. Kijana wake akafungua kopo jeusi la plastiki lililounganishwa na vijimpira, akachungulia, akarudi nyuma.

"Mzee! Humu ndani kuna mkaa!"

Gereji nzima ikasogea. Mmoja akasema mmiliki wa zamani alikuwa anapikia humo. Mwingine, aliyeshusha sauti, akasema gari limetegwa, ndiyo maana liliuzwa rahisi. Wakaanza kujadili nani wa kwenda kulitupa na kwa njia ipi, mpaka mzee alipowafukuza kwa spana.

Mkaa ule si wa kupikia wala si wa waganga. Ni mkaa uliotayarishwa maalumu ili uwe na vitundu vidogo visivyohesabika, kiasi kwamba gramu moja ina eneo la zaidi ya mita za mraba 500. Gramu 15, ambazo zinaenea kwenye kiganja, zina nafasi ya kutosha uwanja mzima wa mpira. Petroli ikipata joto ndani ya tangi inatoa mvuke, mvuke unapita kwenye mpira hadi kwenye lile kopo, mafundi wanaliita kanista, na mkaa unaukamata. Ukiwasha gari na injini ikapata moto, valvu inafunguka, injini inavuta hewa kupitia kwenye mkaa na kuuchoma ule mvuke pamoja na mafuta mengine. Hakuna kinachopotea. California ndiyo iliyotangulia kudai mfumo wa kudhibiti mvuke huu kwenye magari mapya ya mwaka 1970, Marekani nzima ikafuata mwaka 1971. Walikuwa wanapigana na moshi mchafu uliofunika miji yao, na walishagundua kwamba gari huchafua hewa hata likiwa limeegeshwa na mwenyewe amelala.

Mzee akaendelea kuchunguza, akakuta jambo. Mpira unaotoka kwenye tangi haukuwa umeingia kwenye kanista. Ulikuwa umekatwa, ukazibwa kwa boliti ya spana namba 10 na kukazwa kwa klampu, kazi safi kabisa.

"Aliyeziba hapa alikuwa na akili," mzee akasema kwa heshima ya fundi kwa fundi, akafunga boneti na kuiacha boliti palepale.

Mambo yangebaki hivyo kama mama mkwe asingekuja kutoka Tanga.

Nilimpokea kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba, hamjambo huko?" Kwa adabu za ukwe akaenda kukaa siti ya nyuma. Hapo ndipo palipokuwa na tofauti, kwa sababu siti hiyo ilikuwa haijakaliwa tangu ndugu wahamie daladala. Mimi mwenyewe nilikuwa dereva, nakaa mbele, na pua ya binadamu ikikaa na harufu dakika chache huizoea na kuacha kuitangaza. Mafundi nao walikuwa wanaligusa gari kwa mbele tu. Mama alikuja na pua mpya, tena pua iliyopikia jiko la mafuta ya taa miaka mingi, iliyopita enzi za uchakachuaji ikijua kwa kunusa tu kama mwenye duka amechanganya.

Foleni ilitukamata Kimara.

"Baba, samahani. Umebeba dumu huku nyuma?"

"Hapana, mama."

"Basi kuna tangi."

"Tangi liko chini ya siti, mama."

Kimya kidogo. "Chini ya siti hii niliyoikalia?"

Alishusha kioo mpaka mwisho, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, na hakumaliza mpaka tulipoingia Ubungo. Hapo akaniuliza swali ambalo gereji zote hazikuliuliza: "Linanuka zaidi wakati gani?" Nikamwambia likishinda juani, na nikitoka kuweka mafuta. "Na ukifungua mfuniko wa tangi?" Linapuliza fyuuu, nikasema, kama limeshikilia pumzi. Akatikisa kichwa. "Mbele hakunuki, huku nyuma kichwa kinaniuma. Sasa mbona mafundi wenu wanafungua mbele kila siku?"

Kesho yake nilimpelekea mzee maswali hayo bila kusema yametoka kwa nani. Akanyamaza, akaenda moja kwa moja kwenye siti ya nyuma, akaing'oa. Chini yake kuna kifuniko cha duara, na chini ya hicho ndipo pampu ya mafuta inapoingilia kwenye tangi. Pembeni mwa sahani ya pampu kulikuwa na silikoni nyekundu, imevimba na kujikunja, inabanduka kwa ukucha.

Hapo hadithi nzima ikajieleza. Kuna siku kanista ilijaa petroli ikaanza kunuka kwa mbele, na mwenye gari akaambiwa dawa ni boliti. Mvuke ukakosa pa kupitia, tangi likawa linajaza upepo kila jua likiwaka. Siku nyingine pampu ilibadilishwa, na badala ya kununua gasketi mpya ya mpira, mtu akapaka silikoni ya tyubu. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Huvimba, hulegea, huachia. Mvuke uliofungiwa njia ya mbele ukapata mlango wa nyuma, chini ya siti ya mama mkwe. Harufu haikuwahi kutibiwa. Ilihamishwa makazi tu.

Ili kuhakikisha, kijana akaleta kompresa ya kujazia tairi. "Tuingize upepo kwenye tangi, tutasikia panapovuja." Mzee na mimi tulisema "hapana" kwa pamoja. Ziko mashine za moshi zinazofanya kazi hiyo, nazo husukuma moshi kwa nguvu isiyofika hata PSI 1. Tairi linachukua zaidi ya 30. Tangi si tairi. Na moto uwekwe mbali: waya wa betri ukafunguliwa, na sigara iliyokuwa nyuma ya sikio la kijana ikaombwa ikapumzike nyuma ya sikio la mtu mwingine, mtaa wa pili.

Tukatumia njia ya bei nafuu. Milango wazi, gari likakaa juani hadi tangi likajaza upepo wake lenyewe, mzee akapaka povu la sabuni ya unga kuzunguka sahani ya pampu kwa brashi. Mapovu yakaanza kuvimba palepale, mojamoja, bila haraka. Tuliyatazama wote kama goli la dakika za mwisho.

Mfuniko wa tangi nao ukakaguliwa. Ndani yake, badala ya mpira wa kuziba, kulikuwa na kipande cha mfuko wa rambo kilichokunjwa kwa ustadi. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo muda wote huo nilikuwa naendesha nikiwa nimebeba kielelezo cha mahakamani.

Matengenezo yenyewe hayana mengi ya kusimulia, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kusafisha zile nozeli. Gasketi mpya ya pampu. Mfuniko wenye mpira wake. Kanista ya mtumba kutoka Ilala, ambayo mzee aliichagua kwa kuitikisa na kuipima uzito mkononi, maana iliyolowa petroli huwa nzito na iliyopasuka ndani hutema unga mweusi. Muuzaji alitaka kutupa na mpira wa maji ule unaopitisha mwanga, "ni uleule tu, bosi". Si uleule. Petroli huukausha mpira wa maji hadi ukapasuka. Kuna mpira wa mafuta, umeandikwa ubavuni, na tofauti ya bei ni soda moja. Boliti ikatolewa. Mzee aliitia mfukoni, nadhani kwa ajili ya gari la mtu mwingine.

Siku ya kumrudisha mama stendi nilimfungulia mlango wa nyuma. Akainama, akanusa kwanza, ndipo akapanda.

Nawe unayeendesha gari la umri huo, nina ombi dogo. Ukiwa sheli, bomba likijikata lenyewe, mwambie mhudumu aachie hapohapo. Yale anayoongeza kidogokidogo ili hesabu ifike elfu nzima hayaingii kwenye tangi lililokwisha kujaa. Yanakwenda kwenye mkaa, na mkaa ukishalowa, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuwa na boliti mkononi.