Barua ya Wazi kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu Kuhusu Uzito wa Uzamivu

Kwa: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Barabara ya Red Hill, Nairobi
Kutoka: Dundori, Kaunti ya Nakuru
KUH: BEI YA SHAHADA YA UZAMIVU KATIKA FANI ZA SANAA

Uzamivu katika fani za sanaa, yaani historia, fasihi, isimu, falsafa na dini, ni shahada ambayo kikanuni huchukua miaka mitatu. Wahitimu huhesabu saba, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya kusubiri msimamizi arudishe sura ya pili. Matokeo yake ni tasnifu yenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu, ambayo husomwa na watahini na, mara mojamoja, na mwanafunzi anayetafuta mfano wa kupanga marejeleo.

Bei ya shahada hii iliwekwa na Tume yenyewe. Mwaka 2014 ilitoa vigezo vilivyosema kwamba mhadhiri sharti awe na uzamivu, na waliokuwa kazini na uzamili wakapewa miaka mitano kujipanga. Mtahiniwa naye akatakiwa kuchapisha makala mawili katika majarida yanayotambulika. Vyuo viliitikia kwa bidii. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilitunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, Tume ikashtuka na kuagiza uchunguzi. Aliyewataka madaktari wengi kwa haraka ndiye aliyeuliza kwa nini wamekuja wengi na kwa haraka. Wengi wao walitoka upande wa usimamizi na biashara. Wa fasihi walikuwa bado na sura ya pili.

Vigezo hivyo vina uzuri wake, kwa kuwa vinawaweka watu mahali pao. Mary Leakey, aliyechimba Hyrax Hill kuanzia 1937, si mbali na barabara inayopanda kutoka Lanet kuja Dundori, hakuwa na hata shahada ya kwanza. Leo asingeruhusiwa kufundisha akiolojia. Ngũgĩ wa Thiong'o aliondoka Chuo Kikuu cha Leeds bila kumaliza shahada aliyoiendea. Mwaka 1968 yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Kwa bahati nzuri walifanya hivyo kabla ya vigezo kutoka.

Dundori ni nchi ya viazi, na mkulima wake anaijua hali ya kanuni nzuri na soko gumu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisipite kilo 50. Broka akifika shambani huja na lumbesa, yaani gunia lake mwenyewe, juu limeshonewa wavu, viazi vikapangwa mpaka vikafanya kilele, na malipo yakabaki ya gunia moja. Wahitimu wengi wa sanaa wanaouzungumzia uzamivu wao huwa wanaeleza lumbesa ileile: makala mawili, kisha makongamano ya kujilipia, kisha kufundisha muhula mzima kwa ahadi, na juu ya wavu uzoefu wa miaka mitatu.

Maoni hutofautiana kulingana na mahali mtu alipoangukia. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa somo, na malipo yanaweza kufika wakati wanafunzi wa somo hilo wameshahitimu. Mwenye ajira ya kudumu huonekana amefika, ila Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021, wakarudi Novemba kwa ahadi ya kulipwa kwa awamu. Mwalimu wa sekondari aliyesomea uzamivu kwa mkopo wa Sacco hugundua kwamba shahada ya juu peke yake haimpandishi cheo. Wapo pia wanaoifuta kwenye wasifu wanapoomba kazi, mwajiri asije akaogopa mshahara. Uganda wamekuwa wakweli zaidi: tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii hupata shilingi milioni 4 za huko kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa hapati hata nusu.

Linaloivuruga hesabu ni kwamba watu hawa, wakishamaliza kulalamika, hawaijutii elimu yenyewe. Wanachojutia ni bei. Faida ya elimu hiyo huonekana kwenye ardhi: mashamba mengi ya Nakuru yaliyokuwa ya walowezi yalinunuliwa miaka ya 1960 na 1970 na kampuni za wanahisa, na hisa zikageuzwa viwanja kwa madaftari, kura na kumbukumbu za wazee. Kesi ya mpaka ikizuka, wakili hutafuta hati na mpima hutafuta bikoni. Anayeweza kueleza kwa nini daftari moja lina majina mawili kwa kiwanja kimoja ni mwanahistoria aliyekaa miaka na wazee hao, akawarekodi kwa Kikuyu na Kiswahili kabla hawajafa. Kazi hiyo ni uzamivu mzima. Katika fomu za Tume huhesabiwa kama makala mawili, iwapo jarida limeikubali.

Kwa hiyo Tume inaombwa mambo mawili. Ichague kati ya kuwataka madaktari na kuwashangaa. Na, inapokagua chuo, iulize tarehe ya mwisho ya kulipwa kwa wahadhiri wa muda kabla ya kuhesabu viti vya maktaba. Ombi la kuweka mizani limeahirishwa, kwa kuwa ya viazi bado haijaanza kutumika.

Nakala: Hazina ya Taifa, pamoja na kumbusho kuhusu asilimia 2 ya pato la taifa iliyotengewa utafiti na sheria ya mwaka 2013.